Mhuri wa Mama Wakesho

Peninah Mwakio hajui kukaa. Nimemfahamu miaka thelathini, tangu nyumba zetu zilipopakana ukuta hapa Northfield, Uingereza, na sijapata kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa kitini. Atainuka afute jiko lisilo na doa, asogeze pazia aone kama gari la taka limepita, arudi, apige funda moja, ainuke tena. Marehemu mumewe alikuwa akisema yeye alioa upepo. Mimi nikimwambia, "Mama Wakesho, hicho kiti hakina miiba," hunijibu, "Kaa wewe, Aida. Mimi nitakaa sana nikizikwa."

Na mambo ya kuzikwa anayajua. Asubuhi hupika kwenye jiko la shule ya msingi, na saa zilizobaki alikuwa katibu wa Tufaane, chama chetu cha kuzikana. Tuko watu mia na arobaini: Wakenya, Watanzania, Wakongo wachache, na Wahindi wa Kisumu na Jinja ambao Kiswahili chao kinawashinda watoto wetu wenyewe. Ukifiwa katika nchi hii hujui uanzie wapi. Hospitali wanataka karatasi, makaburini wanataka karatasi, na wewe unataka mtu wa kulia naye. Tufaane inakuja na vyote viwili. Watu wanapika, wanaosha vyombo, wanakaa nawe siku tatu, na siku ya maziko akina mama wanamfunga mfiwa mkuu leso mabegani mbele ya watu wote, ili kila mtu ajue msiba ni wa nani. Mfiwa mkuu ni yule aliyeandikwa rejistani kuwa mume au mke. Kama jina lako halimo, hata ulie vipi, leso haikufiki.

Kabla ya kuja Uingereza Peninah alikuwa karani wa masjala ya mahakama kule kwao Voi, miaka kumi na mmoja. Masjala ilimwachia ugonjwa mmoja. Karatasi ikiingia mkononi mwake, kabla hajaisoma, anaigonga mhuri wa tarehe: IMEPOKEWA. Halafu anaipa namba katika daftari la mapokezi. Kusoma ni baadaye. "Kusoma ni kazi ya hakimu," huniambia. "Kazi ya karani ni kusema karatasi ilifika lini." Anagonga mhuri bili ya gesi. Aligonga mhuri ripoti za shule za binti yake Wakesho, na kadi za sikukuu ambazo mtoto huyo alimchorea kwa penseli za rangi. Nilipompelekea kadi ya harusi ya mwanangu, aliigonga mbele ya macho yangu, juu kabisa ya ua la dhahabu.

Tulikuwa tukimcheka mpaka mwaka 2009. Mwaka huo mke wa Zakariye, dereva teksi wetu mzaliwa wa Isiolo, alifika kutoka nyumbani akiwa mgonjwa. Zakariye alipeleka fomu ya kumwingiza mkewe chamani siku ya Alhamisi. Jumapili mke akafariki, kamati ilikuwa haijakutana, na jina lake halijaandikwa popote. Wakatokea watu wenye roho ngumu wakasema huyo si wetu. Peninah alisimama na ile fomu, akawaonyesha mhuri: Alhamisi. Alisema kama mtu amebisha hodi na sisi tumemsikia, hatuwezi kusema hakufika kwa sababu tu hatukuinuka kumfungulia. Mama yule alizikwa na chama kizima, na Zakariye akafungwa leso. Baada ya hapo Peninah aliandika Kifungu cha Saba cha katiba kwa mkono wake: mtu atahesabika kuwa ndani ya chama tangu siku katibu alipopokea fomu yake, si siku alipoandikwa.

Sasa nije kwa Wakesho. Mtoto wa mtaa wetu huyu, nimembadilisha nepi. Akasoma, akapata kazi maktaba ya chuo kikuu, akahamia Selly Oak kwenye nyumba ndogo katikati ya wanafunzi, na akawa anaishi na "rafiki yake" Vandana, binti wa Kihindi ambaye bibi yake alizaliwa Jinja. Kila mtu alijua, na kila mtu alijua kwamba wenzake wanajua, na tukanyamaza, maana kunyamaza ndiyo adabu yetu kubwa. Februari ya 2023 wakaoana kwa sheria, mjini, kwa msajili. Peninah hakwenda. Siku hiyo alitoa ngazi akaosha madirisha yote ya nyumba yake, nje na ndani, baridi inakata vidole. Alipomaliza ya kwake akaja kuosha yangu.

Mwezi uliofuata Wakesho alimletea mama yake fomu ya Tufaane, ya kumwingiza Vandana kuwa mke wake, pamoja na nakala ya cheti cha ndoa. Haya niliyajua baadaye sana, lakini nayasema sasa ili usinipotee. Peninah aliipokea fomu mlangoni, akaigonga mhuri, akaipa namba. Mkono ulifanya kazi yake kabla moyo haujaamka. Kisha akaisoma. Kisha akaikunja akaiweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza, na rejistani hakuandika kitu.

Wakesho hakujua. Yeye alidhani mkewe ameandikwa. Alimwambia mkewe: "Mum hakuja kwenye harusi, lakini amekuandika, na kwa mama yangu kilichoandikwa ndicho kilicho." Kwa maneno hayo mtoto aliishi miaka miwili na zaidi, akija Jumapili kula wali kwa mama yake, akiamini kwamba wamepatana kwa njia yao ya kimya. Na Peninah alijua kwamba mtoto anaamini hivyo. Ndiyo maana nasema hajui kukaa.

Mwaka jana, mwezi wa nane, ikazunguka video kwenye simu. Chama kingine cha kuzikana, mji mmoja huko kaskazini, mwanamume amefungwa leso kwa ajili ya mwanamume mwenzake. Ikapita mara ishirini kwenye kundi letu. Zakariye akaleta hoja kwa maandishi, ya kubadili katiba kwa kura: mume na mke maana yake ni mwanamume na mwanamke tu, na ndoa nyingine yoyote chama hakiitambui. Waislamu na Wakristo, ambao hawajawahi kukubaliana hata saa ya kuanza mkutano, wakakubaliana mchana mmoja. Hoja ilihitaji mtu wa kuiunga mkono. Aliyeiunga mkono ni mimi.

Usinitazame hivyo. Zakariye alinipigia simu niko kazini, mikono imejaa mashuka ya hospitali, akasema, "Bi Aida, hii ni kulinda tu mila zetu, hakuna mtu inamgusa," nikasema haya, niandike. Sikumfikiria Wakesho. Au nilimfikiria nikamsogeza pembeni, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kazi ya katibu ni kuishauri kamati kama hoja inakwenda na sheria. Basi Peninah akaanza kusoma. Kila nikipita kwake mezani pamejaa karatasi, naye anazizunguka hataki kukaa mbele yake, anasoma amesimama, huku anakaanga kitunguu. Siku moja akanisomea alichoandika. Kwanza, Sheria ya Usawa ya 2010: chama chenye watu ishirini na watano au zaidi hakiwezi kumnyima mwanachama wala mtu aliyeingia kupitia kwake haki ya chama kwa sababu ya nani amempenda. Tungekuwa kanisa au msikiti ingekuwa hadithi nyingine, lakini sisi hatumwulizi mtu dini mlangoni. Pili, katiba yetu wenyewe, Kifungu cha Kumi na Tisa: mabadiliko ya kawaida yanapita kwa kura zikizidi nusu, lakini badiliko la kumtoa mtu aliyekwisha kuingia linataka robo tatu, na mtu huyo asikilizwe kwanza.

"Kumbe unaipinga," nikasema.

"Sipingi wala siungi mkono. Mimi ni katibu."

"Na moyo wako?"

"Moyo wangu haujaniandikia barua, Aida. Ukiandika nitaigonga mhuri."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aligeuza kitunguu kilichokwisha kuungua.

Kuanzia hapo mwendo ukaanza. Akitoka shuleni anapanda treni mpaka Selly Oak, vituo vitatu tu, anashuka, anavuka daraja anasubiri treni ya kurudi. Mara moja nilikwenda naye nikidhani tunaenda dukani. Tulifika mpaka mwisho wa mtaa wa Wakesho, kwenye kona yenye mapipa ya taka ya wanafunzi, akasimama kidogo akitazama mlango wa bluu, akasema, "Twende zetu, nimesahau kuzima jiko." Jiko lilikuwa limezimwa, nililizima mimi mwenyewe. Tiketi ile ya treni aliikunjakunja mikononi mwake mpaka ikawa unga. Nilidhani anaogopa kwenda kumwambia mtoto habari za kura. Kumbe habari za kura Wakesho alikuwa nazo tangu siku ya kwanza, kwenye simu, kama sisi wote.

Mkutano ulikuwa Jumapili moja ya mwezi wa kumi, saa nane mchana, kwenye ukumbi tunaoukodi karibu na barabara ya maduka. Karatasi za kura zilikuwa tayari, na bati la biskuti lililotobolewa mfuniko ndilo sanduku. Mwenyekiti ni Bwana Inderjit, Singh wa Kisumu, fundi seremala mstaafu. Tulimchagua kwa sababu ni yeye peke yake ambaye kila upande unamshuku kidogo kidogo kwa usawa. Peninah alikaa kulia kwake na daftari la kumbukumbu, mkoba umebanwa miguuni. Nasema alikaa. Goti lilikuwa likitikisa meza mpaka chai ya mwenyekiti ikamwagika.

Wakesho na Vandana waliingia wakakaa nyuma kabisa. Vijana wetu hawaji mikutanoni, kwa hiyo ukumbi mzima uligeuza shingo, kisha ukageuza shingo kurudi.

Peninah alisoma ushauri wake. Sauti ya karani, haina chumvi wala sukari. Alipomaliza, Zakariye akasimama. Ni mtu mwema, Zakariye, na lazima niseme hivyo. Mume wa Peninah alipofariki, yeye ndiye aliyetuendesha wiki nzima bila kuwasha mita.

"Mama Wakesho, nakuheshimu walahi," akasema. "Lakini sisi si serikali. Serikali imeshawaozesha, hatujaenda kuzuia. Sisi ni watu tunaozikana. Sasa unatuambia sheria, sheria. Sheria inamlinda mtu. Huyo mtu yuko wapi? Nani ameumia hapa? Rejista yetu ina majina mia na ngapi, hakuna hata mmoja wa namna hiyo. Mlalamikaji yuko wapi?"

Watu wakapiga meza. Nami nilipiga, kidogo.

Ndipo Wakesho akasimama. Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi kuliko kusema, lakini siku hiyo alijikaza.

"Mnanijua. Wengine wenu mlini-change nepi." Watu wakacheka kwa wasiwasi. "Uncle Zakariye anauliza nani ameumia. My wife yuko kwenye register. Tangu 2023. Mum hakuja wedding, it's fine, mimi na yeye tunajua. Lakini alimu-register. So kama mna-vote, mna-vote kumtoa mtu, mtu anaitwa Vandana, yuko hapa. Fungueni tu muone."

Uso wake ulikuwa na fahari, jamani. Fahari ya mtu anayemwonyesha mwenzake nyumba ya kwao. Nilimtazama Peninah, nikaona goti limeacha kutikisika.

Bwana Inderjit akavaa miwani, akalowesha kidole, akafungua rejista. "Mwakio, Mwakio... ukurasa wa arobaini na moja. Peninah. Mume, marehemu. Binti, Wakesho." Akageuza ukurasa, akaugeuza tena. "Wakesho, hapa hakuna mtu mwingine."

"Check again, Uncle."

Akaangalia tena, maskini, kwa kidole, mstari kwa mstari. Akatikisa kilemba.

"Mum?" Wakesho akasema.

Neno moja tu. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya rafiki yangu, na kosa lake nilikuwa bado silijui.

Peninah akainuka. "Bwana mwenyekiti, naomba iandikwe kwamba katibu ana jambo." Halafu akakumbuka kuwa mwandishi ni yeye, akainama, akaliandika kwanza, ndipo akafungua mkoba. Akatoa bahasha ya plastiki. Kumbe alikuja nayo. Wiki zote zile, Selly Oak kwenda na kurudi, alikuwa nayo mkobani.

"Fomu hii niliipokea tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa 2023," akasema. "Ni ya kumwingiza Vandana, mke wa binti yangu. Mhuri huu hapa. Sikumwandika rejistani. Fomu haikupotea na hakuna mtu aliyenikataza. Niliificha chini ya vitambaa vya meza, kwa kupenda kwangu, kwa sababu niliwaonea haya nyinyi." Akailaza fomu mezani. "Kifungu cha Saba kinasema mtu ni wetu tangu fomu yake ilipopokewa. Basi huyu ni wetu kwa miaka miwili na miezi saba. Hoja hii haibadilishi maneno tu, inamtoa mtu. Inataka robo tatu, na inataka mtu huyo asikilizwe uso kwa uso. Na sheria ya nchi iko nyuma yake. Ndugu Zakariye ameuliza mlalamikaji yuko wapi. Yule pale, mwenye koti la kijani."

Nilipogeuka, Vandana alikuwa amekaa na koti lake la kijani, na kiti kilichokuwa kando yake kilikuwa tupu. Mlango wa nyuma ulikuwa bado unajifunga polepole.

Peninah aliuona mlango ule.

Kelele zikaanza. Mtu akasema kwa sauti, "Huo mhuri umepigwa jana! Anamwokoa mtoto wake!" Wengine wakaitikia. Hapo Peninah akavuta daftari la mapokezi, lile ambalo kwa miaka yote hakuna aliyewahi kulifungua ila yeye, akalisukuma mbele ya mwenyekiti. Kurasa zake zimeshonwa, huwezi kuchomeka kitu. Bwana Inderjit akasoma.

"Mia mbili na kumi na moja. Zakariye, kubadili anwani. Mia mbili na kumi na mbili. Mwakio, fomu ya kuingiza mtu. Mia mbili na kumi na tatu. Aida, kumwingiza mjukuu, Nasreen."

Macho yote yakanijia. Nasreen wangu alizaliwa tarehe tisa Machi mwaka ule, na fomu yake niliipeleka mwenyewe nikiwa nimevaa kandambili, kesho yake baada ya Peninah kupokea ile ya kwanza, kwa furaha ya bibi. Akaigonga mhuri mbele yangu, akanipa pongezi, akasema mtoto mzuri. Na karatasi ya mkwe wake ilikuwa tayari chini ya vitambaa hatua tatu kutoka nilipokuwa nimekaa nikinywa chai yake.

"Hiyo ni yangu," nikasema. "Mia mbili na kumi na tatu ni yangu. Tarehe ni ya kweli."

Zakariye alisogea mpaka mezani. Akaichukua fomu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akautazama ule mhuri muda mrefu.

"Yangu pia ni ya kweli," akasema mwishowe. "Nilihama nyumba mwezi ule. Na sitaki kusikia mtu anasema mhuri wa huyu mama ni wa uongo. Mke wangu alizikwa kwa mhuri huu." Akairudisha karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja. "Mawazo yangu hayajabadilika, mjue hivyo. Sipendi jambo hili. Lakini mimi sitakuwa mtu wa kufunga mlango ambao mke wangu aliingilia. Hoja naiondoa."

Mwenyekiti akauliza kama aliyeunga mkono anakubali. Nilisema nakubali. Sheria ni msumeno, wanasema, hukata mbele na nyuma. Siku hiyo ulinipitia katikati.

Usidhani watu walikumbatiana. Wengine walitoka bila kuaga, na familia tatu zimehama chama. Kuna wanaosema wataleta hoja upya kwa robo tatu, lakini mpaka leo hakuna aliyeandika, kwa kuwa ingembidi akae mbele ya Vandana amwambie machoni. Na kabla mkutano haujafungwa, mama mmoja wa kamati akasimama akasema katibu anayeficha karatasi za watu hawezi kuendelea kuwa katibu. Bwana Inderjit akamwuliza Peninah ana la kusema. "Hoja iko sawa," akajibu. Mikono ikainuka. Wangu haukuinuka, lakini ilitosha bila ya wangu. Na kwa kuwa katibu mpya alikuwa hajachaguliwa, Peninah mwenyewe ndiye aliyeandika kumbukumbu za kufukuzwa kwake, kwa mwandiko safi, idadi ya kura na yote. Kisha akafungua rejista ukurasa wa arobaini na moja, na kazi yake ya mwisho kabla ya kusukuma mhuri upande wa pili wa meza ikawa ni kuandika: Vandana, mke wa Wakesho, tangu 14 Machi 2023.

Vandana alimngoja mlangoni. "Thank you, Aunty," akamwambia. Peninah akatazama viatu vyake, akapita. Mtu aliyekuwa na kifungu cha kila jambo.

Wiki saba Wakesho hakupokea simu. Jumapili ya kwanza Peninah alipika wali wa mtoto kama kawaida, na Jumapili ya pili, na ya tatu ndipo akauleta kwangu kwenye bakuli bila kusema neno. Wiki hizo treni anapanda mpaka Selly Oak na mlango wa bluu anaubisha. Haufunguliwi. Barua zikija nyumbani anazishika, mkono wa kulia unapapasa mezani kutafuta kitu ambacho hakipo tena. Madirisha yangu hayajawahi kuwa safi namna ile. "Angenitukana," aliniambia akiwa juu ya ngazi. "Angekuja anitukane, Aida, nikajua amekuja." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilimshikia ngazi.

Mwezi wa kumi na mbili akafariki mama mzazi wa Bwana Jaffar, mwenye duka la nguo. Katibu mpya ni kijana Suhail. Yeye anapanga zamu kwa kompyuta, na kompyuta haijui habari za watu. Orodha ikaja kwenye simu: jikoni, siku ya maziko, Aida, Peninah, Vandana.

Nilidhani Vandana hatakuja. Alikuja saa nne kamili, amejifunga aproni yake mwenyewe, akasema, "Habari, Aunty. Sufuria ziko wapi?" Kiswahili cha bibi yake wa Jinja, cha jikoni. Nikamwonyesha. Peninah alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ikasimama.

"Wakesho yuko?" akauliza.

"Yuko kwenye gari, Aunty. Amenileta, but she won't come in."

Peninah alipakua pilau ya sufuria iliyokwisha kuiva kwenye sahani, akatafuta kipande cha nyama kizuri, akakirudisha, akatafuta kizuri zaidi, akafunika kwa karatasi ya foili. Akatoka bila koti. Nje kulikuwa na manyunyu. Mimi nilikwenda dirishani, na sioni haya kusema hivyo.

Alisimama kando ya gari na sahani mikononi. Kioo kilikuwa kimepandishwa. Hakubisha, hakuita, hakuhama mguu. Mvua ikawa inamlowesha kilemba na mabega, naye ameitazama sahani. Miaka thelathini, sijapata kumwona amesimama mahali pamoja muda ule wote bila kugusa wala kupangusa kitu.

Kioo kikashuka kidogo. Waliyosema nimeyapata kwa Peninah mwenyewe.

"Miaka miwili na nusu, Mum," Wakesho alisema. "I told her you wrote her. Nilimwambia kila siku."

"Najua."

"Una kifungu cha hiyo?"

"Sina, mwanangu."

Wakesho akaitazama ile foili. Akauliza, "Umeigonga mhuri?"

"Mhuri wamenichukulia," Peninah akasema, akaanza kulia, yeye ambaye msibani hulia wa mwisho.

Kutoka dirishani niliona mlango wa upande wa pili ukisukumwa kutoka ndani. "Ingia," mtoto alimwambia. "Unalowa."

Peninah akazunguka, akaingia na sahani yake. Mimi na Vandana tuliosha masufuria yote kumi na moja, tukayafuta, tukayapanga. Kila nikiinua macho, bado amekaa.